Marekani: Ubaguzi Ulioandikwa na Makarani

Ukikaa na Watanzania au Wakenya waishio Marekani kwenye msiba au ubarikio wa mtoto, sahani za pilau zikishaondolewa na mazungumzo yakishachanganya, haichukui muda utaisikia. "Hawa wenzetu weusi wa hapa shida yao ni kulalamika. Sisi tumekuja juzi na begi moja, tumebeba boksi, leo tuna nyumba. Wao wako hapa miaka mia nne, wamefanya nini?" Anayesema hivyo kwa kawaida si mtu mbaya. Ni mtu aliyepiga zamu mbili kwa siku, akasomesha wadogo zake Moshi au Kisumu, akajenga kwao na akanunua kwake. Ana haki ya kujivunia. Ila hesabu yake imeruka mistari kadhaa, na mistari yenyewe imo kwenye nyaraka za serikali ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Wengi wetu tunautambua ubaguzi pale tu unapotutukana. Tunamtafuta mzungu mwenye chuki, na tusipomwona kazini wala mtaani tunahitimisha kwamba mambo yalishakwisha. Picha tulizokua nazo zimetusaidia kukosea: mbwa wa polisi wa Birmingham, Alabama, walioachiwa waandamanaji weusi, majoho meupe ya kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, kijana aliyenyongwa mtini. Yote hayo yalikuwepo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wapole waliovaa tai, saa za kazi, kwa kalamu na muhuri. Wino wa Mungu haufutiki, wanasema wazee. Huu haukuwa wino wa Mungu. Uliandikwa na makarani na wabunge, kwa tarehe zinazojulikana.

Nianze na karatasi inayotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1924 Kongresi ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyogawa nafasi za kuingia Marekani kwa mataifa, kila taifa kulingana na idadi ya watu wenye asili yake ambao tayari walikuwa nchini. Kwa kanuni hiyo Afrika ilistahili fungu nono, maana sensa ya 1920 ilihesabu Wamarekani Weusi zaidi ya milioni 10. Watunga sheria waliliona hilo mapema. Wakaweka kifungu kinachosema kwamba katika kupiga hesabu ya wakazi, wazao wa watumwa wasihesabiwe. Wenyeji wa asili wa bara lile nao wakaachwa nje ya hesabu, na Waasia vilevile. Watu zaidi ya milioni 10 waliokuwa wakilima pamba na kulipa kodi, na ambao vijana wao walivaa sare za jeshi na kwenda Ufaransa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, wakatoweka kwenye jedwali. Mgao ulipoanza kutumika mwaka 1929, Uingereza na Ireland ya Kaskazini zilipata nafasi 65,721 kwa mwaka. Tanganyika ilipata 100. Ruanda-Urundi, 100.

Ili babu zetu wasipate nafasi ya kuingia, ilibidi babu wa yule jamaa wa Alabama, ambaye vijana wa Bongo humwita Mnyamwezi, afanywe kana kwamba hayupo. Sentensi moja ya sheria ilitufungia sisi nje na ikamfuta yeye akiwa ndani. Sijui ushahidi gani mwingine mtu angehitaji ili aone kwamba kesi yetu na yao ilikuwa kwenye faili moja.

Mfumo huo, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, ulidumu hadi tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria mpya ya uhamiaji chini ya Sanamu ya Uhuru, New York. Tazama kalenda. Sheria ya Haki za Kiraia ilisainiwa Julai 1964. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, 6 Agosti 1965. Ya uhamiaji ikafuata kabla hata miezi miwili haijaisha. Bunge lililokwisha kukubali kwamba mpiga kura wa Selma, Alabama, hawezi kunyimwa haki kwa sababu ya rangi yake lilikuwa limebaki na hoja dhaifu sana za kumnyima mtu viza kwa sababu ya alikozaliwa. Siku ile Johnson alisema sheria hiyo si ya kimapinduzi. Alikosea. Katika njia zilizofunguliwa baadaye iko ile bahati nasibu ya Green Card iliyotokana na sheria ya 1990, ambayo nusu ya vijiwe vya Dar es Salaam na Nairobi vimewahi kujaza fomu zake (iliyosukumwa zaidi na wanasiasa waliotaka kuwasaidia Waayalandi, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Hakuna aliyepigwa virungu na polisi akiandamana kudai kura kwenye daraja la Edmund Pettus kule Selma, Machi 1965, kwa ajili ya mtu wa Mbeya. Lakini mtu wa Mbeya alipita.

Sasa turudi kwa waliokuwa ndani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Katiba ilibadilishwa na wanaume weusi wakapewa kura mwaka 1870. Walipiga kura, wakachaguliwa, wakaingia mpaka Seneti. Kisha majimbo ya kusini yakakaa chini na kuandika upya katiba zao, kwa uangalifu mkubwa, bila kutaja rangi popote. Louisiana mwaka 1898 iliweka masharti ya kujua kusoma au kuwa na mali, halafu ikamsamehe masharti hayo yeyote ambaye yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867. Mzungu asiyejua kusoma akapita kwa babu yake. Mweusi hakuwa na babu wa namna hiyo, kwa sababu babu yake alikuwa mali ya mtu. Wapiga kura weusi waliokuwa kwenye daftari la Louisiana mwaka 1896 walikuwa 130,334. Mwaka 1904 walikuwa 1,342. Hakukuwa na haja ya kuwafukuza kwa bunduki kila siku, ingawa bunduki nazo zilikuwepo. Daftari lilitosha.

Mississippi ilifanya ufundi zaidi. Tarehe 31 Agosti 1962 mwanamke aitwaye Fannie Lou Hamer, kibarua wa shamba la pamba, alipanda basi na wenzake kwenda Indianola kujiandikisha. Karani alimpa kifungu cha katiba ya jimbo kinachohusu sheria zilizopo kwa vitendo bila kuandikwa, akamwambia akinakili kisha akifafanue. Baadaye Hamer alisimulia kwamba alikijua kifungu hicho kama farasi anavyoijua Krismasi. Alifeli. Jioni hiyohiyo mwenye shamba, ambako alikuwa ameishi na kufanya kazi miaka 18, alimwambia aondoe jina lake kwenye maombi au aondoke. Aliondoka. Kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, weusi waliojiandikisha Mississippi walikuwa asilimia 6.7 ya waliostahili. Miaka miwili baada ya sheria walikuwa karibu asilimia 60. Watu ni walewale, elimu ni ileile. Kilichobadilika ni nani anashika daftari na nani anamsimamia.

Hayo ya kura watu huyakubali haraka. Wanapokwama ni kwenye nyumba, na hapo ndipo jamaa yetu wa pale msibani anaposimamia hoja yake yote. Kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Aliyewahi kununua nyumba Marekani anajua kwamba hununui kwa pesa bali kwa karatasi. Unaweka kianzio kidogo, benki inakukopesha kwa miaka 30, na mwisho wa yote una mali ya kurithisha. Mpango huo si wa asili kama mvua. Ulitengenezwa na serikali ya Franklin Roosevelt katika miaka ya 1930. Kabla yake, mkopo wa nyumba ulikuwa wa miaka michache na kianzio kikubwa, na wazungu wengi walikuwa wapangaji. Mwaka 1933 iliundwa taasisi ya kuokoa mikopo ya nyumba iliyokuwa ikielekea kunadiwa, nayo ikachora ramani za miji na kuipaka mitaa rangi nne kwa kipimo cha hatari: kijani, buluu, njano, nyekundu. Walikoishi weusi palipakwa nyekundu karibu kila mahali, hata kama waliokuwa wakiishi pale walikuwa walimu na madaktari. Mwaka uliofuata ikaja mamlaka ya kudhamini mikopo ya nyumba, na mwongozo wake wa kazi ulipendekeza mikataba inayozuia nyumba isiuzwe kwa mtu wa rangi nyingine. Hiyo ilikuwa serikali kuu ya Washington. Watu wengi hudhani ni mabaki ya Klan kule Alabama.

Pale Detroit ukuta bado upo. Mwaka 1941 mjenzi alitaka kujenga nyumba za wazungu karibu na mtaa wa weusi, na mamlaka ikasita kudhamini kwa sababu ya ujirani huo. Akajenga ukuta wa zege wenye urefu wa karibu nusu maili na kimo cha futi sita, kati ya mtaa na mtaa. Mkopo ukapita. Ukuta huo haukumzuia mtu yeyote kutembea, maana unaweza kuuzunguka. Kazi yake ilikuwa kuonekana kwenye faili.

Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwainua askari waliorudi vitani: masomo, mikopo ya nyumba, mitaji. Ni sheria iliyotengeneza tabaka la kati la Marekani, na haikutaja rangi. Lakini ilipitia kwenye benki na ofisi za wilaya, na huko watu walikuwa walewale. Katika miji ya Mississippi mwaka 1947 ilitolewa mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba chini ya udhamini huo. Iliyowafikia askari weusi ilikuwa miwili. Kaskazini nako, mji mpya wa Levittown, New York, ulioanza kujengwa mwaka huohuo, mikataba yake ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Na Chicago, mweusi aliyekosa mkopo wa benki alinunua nyumba kwa makubaliano na dalali kwa bei iliyopandishwa mno. Hati ilibaki kwa dalali mpaka senti ya mwisho ilipwe. Ukikosa mwezi mmoja umepoteza nyumba, kianzio, na yote uliyokwisha kulipa, na dalali anaiuza tena kwa mwingine wiki inayofuata.

Ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ulipigwa marufuku Aprili 1968, wiki ileile Martin Luther King alipozikwa. Jamaa yetu hapo atasema: basi, tangu 1968 ni zamani, wangekuwa wameshajikwamua. Lakini nyumba ndiyo urithi wa Mmarekani wa kawaida. Mzee wa kizungu aliyenunua Levittown kwa mkopo wa serikali alisomesha watoto kwa thamani ya nyumba hiyo, watoto wakapata vianzio vya nyumba zao, wajukuu leo wanamaliza chuo bila deni. Mzee mweusi aliyepigana vita ileile aliacha stakabadhi za kodi. Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha kwamba kaya ya kizungu iliyo katikati ya safu ina utajiri wa dola 285,000, ukitoa madeni. Ya weusi, dola 44,900. Sheria ya 1968 ilikataza karani asiongeze ukurasa mpya. Zile kurasa za nyuma hakuna aliyezigusa.

Nasi je? Tulipofika, karatasi zile zilikuwa zimekwisha kufutwa. Tukajaza fomu ya mkopo wa nyumba, tukapimwa kwa krediti zetu na hati za mishahara, na wengi tukapita. Wengi wetu tulikuja tukiwa tumechujwa tayari na ubalozi: wenye vyeti, wenye ndugu wa kutudhamini, wenye afya na ujana. Ukimlinganisha mtu aliyechujwa hivyo na taifa zima la watu, pamoja na wagonjwa wao, wazee wao na wafungwa wao, utapata jibu unalolitaka. Sisemi kwamba kila kinachoharibika katika mtaa wa weusi kimeandikwa Washington. Watu weusi wenyewe wanabishana juu ya hilo makanisani na kwenye vinyozi kwa ukali kutushinda sisi. Nasema tu kwamba tunalinganisha safari mbili zilizoanzia vituo tofauti.

Wala makarani hawakustaafu wote. Mwaka 1986 Kongresi iliweka adhabu za dawa za kulevya ambapo gramu 5 za kokeini ya kuvuta kama vipande, iliyozagaa mitaa ya weusi maskini, zilibeba kifungo kisichopungua miaka mitano. Ili upate kifungo hicho kwa kokeini ya unga, ulihitaji kukamatwa na gramu 500. Neno "mweusi" halimo. Ilichukua mpaka 2010 kuushusha uwiano huo kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, na hiyo 18 sijawahi kusikia ikielezwa na mtu kwa namna inayoeleweka. Juni 2013 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilivunja kiini cha sheria ya kura ya 1965: utaratibu ulioyataka majimbo yenye historia mbaya yapate idhini ya Washington kabla ya kubadili kanuni za kura. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya mpiga kura. Leseni ya kubeba bastola ilikubalika. Kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo hakikukubalika. Mahakama za shirikisho baadaye zilisema sheria hiyo iliwaumiza weusi na Walatino zaidi ya wengine. Houston na Dallas zimejaa Waswahili. Sikumbuki kama tuliwahi kulijadili hilo hata kwenye kundi moja la WhatsApp.

Polisi nao hawaulizi umetua lini. Februari 1999 Amadou Diallo, kijana kutoka Guinea aliyekuwa akichuuza bidhaa barabarani New York, alisimama mlangoni mwa nyumba aliyopanga huko Bronx. Polisi wanne walifyatua risasi 41. Alikuwa ameshika pochi. Wote wanne waliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata. Lafudhi yake ya Kifula haikumsaidia, na jina lake la Kiislamu la Afrika Magharibi halikusomwa na mtu kabla ya risasi.

Waliotutangulia kutoka kwetu hawakuwa na njozi hizo. Wangari Maathai alikwenda Kansas mwaka 1960 na msafara wa wanafunzi wa Kenya ambao Tom Mboya alikuwa ameuanzisha mwaka mmoja kabla, kwa michango ya Wamarekani Weusi kama mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Njiani, Indiana, walishuka kwenye basi kununua soda, wakaambiwa wakanywee nje. Wanafunzi hao hawakupewa nafasi ya kujifikiria kuwa weusi wa aina nyingine. Na msaada haukwenda upande mmoja. Mei 1963, viongozi wa Afrika wakiwa Addis Ababa kuunda umoja wao, Milton Obote aliandika barua ya wazi kwa Rais Kennedy kulaani mbwa na mipira ya maji ya Birmingham. Serikali ya Marekani ilikuwa katikati ya vita baridi na ilihesabu kila balozi wa Kiafrika aliyenyimwa chakula mgahawani kuwa ushindi wa Moscow. Oktoba 1964 Malcolm X alikuwa Dar es Salaam akizungumza na Nyerere, akitafuta nchi za kuipeleka kesi ya watu wake Umoja wa Mataifa. Desemba, Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wa Zanzibar, alipanda jukwaani Harlem, New York, kwa mwaliko wa Malcolm.

Anayenivutia kuliko wote ni mwanasheria mweusi wa Marekani, Thurgood Marshall. Alizaliwa Baltimore, akasomea sheria Howard, chuo kikuu cha weusi cha Washington, kwa sababu chuo cha sheria cha jimbo lake la Maryland hakikupokea weusi. Mwaka 1954 alishinda kesi iliyofuta shule za kibaguzi. Mwaka 1960 Mboya alimwita London, kwenye mkutano wa Lancaster House, awasaidie Waafrika wa Kenya katika suala la katiba, naye akaandika rasimu ya haki za binadamu. Sehemu kubwa ya rasimu hiyo ilihusu kuwalinda walio wachache: walowezi wa kizungu na mali zao, Wahindi na maduka yao. Yaani mjukuu wa watumwa anawaandikia wazungu wa Nyanda za Juu za Kenya ulinzi ambao nyumbani kwake Maryland, mwaka ule, mgahawa wa kando ya barabara ungeweza kumkatalia. Alijua uzito wa karatasi. Miaka 12 baadaye Uganda, jirani, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na wengi wetu Afrika Mashariki tulichekelea. Hapo pia kuna mazungumzo ambayo hatujayamaliza.

Narudi kwa jamaa yetu, kwa sababu siku moja atakula kiapo cha uraia. Kwenye orodha ya maswali 100 iliyotumika kwa miaka mingi tangu 2008, swali moja lilikuwa: Martin Luther King alifanya nini? Alipigania haki za kiraia, unajibu, ofisa anaweka alama, mnaendelea na swali la mito mirefu. Nje ya ukumbi wa kiapo, hadi 2025, mara nyingi kulikuwa na meza, na watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, waligawa fomu za kujiandikisha kupiga kura. Fomu hiyo haina kifungu cha katiba cha kufafanua wala swali la babu yako. Tuliijaza palepale, tukapiga picha na bendera, tukaituma kwa shangazi Tabora. Kisha tunasubiri uchaguzi wa rais. Ule wa sherifu, wa mwendesha mashtaka wa kaunti, wa bodi ya shule, wa karani anayeshika daftari lenyewe, unapita Jumanne ya kawaida huku tukiwa kazini, na kesho yake tunauliza kwa nini mtoto wetu amefukuzwa shule kwa kosa ambalo mwenzake wa kizungu alionywa tu.